Mtalii wa Murangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, Musoma, nikiwa nimevaa sare mpya ambayo baba yangu, fundi cherehani wa Bunda, alikuwa ameipunguza kiunoni bila kuniuliza. Alisema sare haivaliwi kama gunia. Afisa Uhamiaji wa Mkoa wa wakati ule, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alinitazama mara moja tu.

"Binti, umeshawahi kuvuka mpaka?"

"Hapana, afande."

"Vizuri. Waliozoea kuvuka huona ni jambo la kawaida. Wewe bado utashangaa."

Akanipa boksi la pasipoti zilizokwisha muda, akaniambia nizishike siku nzima, nisisome jina hata moja. Nilipapasa karatasi, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha niuone mchoro uliofichwa ndani yake, nikajifunza jinsi uzi unavyopita katikati ya kurasa. Jioni vidole vyangu viliweza kutambua ukurasa uliobandikwa upya. Nilirudi nilikopanga, mtaa wa Nyasho, nikijiona nimekabidhiwa kitu kikubwa kuliko umri wangu.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo mnaambiwa mengi kwenye kompyuta, kwa hiyo nitasema machache. Pasipoti unapewa na kwenu. Visa unapewa na kule unakokwenda. Ya kwanza inasema wewe ni nani, ya pili inasema umekubaliwa kubisha hodi. Nasema kubisha hodi kwa sababu hata mwenye visa halali anasimama mbele ya afisa, anaulizwa anakwenda wapi na atakaa kwa nani, ndipo anagongewa muhuri wa kuingia. Bila muhuri ule, mtu anaweza kuwa amekanyaga udongo wetu na bado hajaingia.

Nilihamishiwa Bunda, kwenye barabara kuu inayopitiwa na watalii wa Serengeti na mabasi yanayotoka mpakani Sirari. Afisa Uhamiaji wa Wilaya alikuwa mama mkali ambaye hakuwahi kunisifia hata siku moja. Siku nilipomshuku mzee mmoja mgeni kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka, alinivuta pembeni. "Mtu akitetemeka mpe kiti kwanza. Muulize ukishampa." Yule mzee alikuwa na homa tu, na karatasi zake zote zilikuwa sawa. Baadaye nikapelekwa Butiama, ambako ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja katika nyumba ya kupanga. Mbuzi wa jirani walikuwa wanaingiaga wakati wa mvua, na tuliwaachia wakae. Kazi yangu kubwa kule ilikuwa kuwatembelea wageni wa kujitolea mashuleni kuangalia kama vibali vyao vya kuishi bado vina uhai. Nilitembea kwa miguu milima ile mpaka nikaijua.

Mwishoni nilirudishwa Musoma kuwa mkuu wa kituo cha bandarini. Wenzangu walinionea huruma. Bandari ilikuwa na mitumbwi ya dagaa, boti chache za mizigo, na siku nyingi za kutazama maji. Ndipo wakala wa meli alipotuandikia kwamba kampuni moja ya utalii inaleta meli ya abiria inayozunguka ziwa, na Musoma itakuwa kituo chake kwa saa chache, kutoka asubuhi mpaka alasiri. Huo ndio utaratibu: wakala hutuma mapema orodha ya abiria, yaani majina ya wote waliomo na pasipoti zao, na kila atakayeshuka, hata kama ni kununua kikapu tu na kurudi, lazima awe na visa. Wengi huomba kwa mtandao kabla ya kuondoka kwao.

Niliipitia orodha ile jina kwa jina, majina ambayo ulimi wangu haukuyazoea. Katikati nikasoma: Nyangeta Majura. Pasipoti ya Kanada. Chini yake: Majura Bwire. Pasipoti ya Kanada. Mahali pa kuzaliwa: Musoma, Tanzania.

Yule Nyangeta, binti wa Majura, visa yake ilikuwa imekubaliwa. Ya Majura ilikuwa bado. Kwetu mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anaacha wa kwetu, na mzaliwa wa hapa anapoomba visa anatakiwa kuonyesha kwamba aliuacha wa kwetu kwa taratibu. Majura alikuwa ametuma karatasi hiyo akiwa tayari safarini, upande wa Uganda. Kwenye mfumo wetu ombi lake lilisomeka hivi: linashughulikiwa. Na afisa wa kituo hana mamlaka ya kutoa visa juu ya ombi ambalo Makao Makuu bado wameshika.

Meli ilitokea asubuhi. Nimezaliwa mkoa huu na ziwa nimeliona maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuona kitu kama kile juu yake. Ilikuja taratibu, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, kana kwamba mtaa mzima wa mji wa mbali umeng'oka na kuja kututembelea. Wanawake wa samaki waliacha sato wao mezani wakaja gatini. Waendesha bodaboda wakazima pikipiki. Watu walisimama wakiwa na mikono kinywani, nami nilisimama nao mpaka nikakumbuka kwamba mimi ndiye ninayetakiwa kupanda.

Ndani ya ukumbi wa meli abiria walipanga foleni. Binti Nyangeta alikuwa na miaka ishirini na kitu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchungulia maneno kwenye simu. Nilimgongea. Baba yake alisimama nyuma yake, mtu mzima mwenye mvi, kofia mkononi.

"Shikamoo, afande," aliniamkia, ingawa alinizidi umri. "Mimi nilizaliwaga hapa. Kwetu ni kijijini Murangi. Binti ndiye alinilipia safari hii, alitaka aone kwa bibi yake."

"Marahaba. Mzee wangu, ombi lako bado halijajibiwa."

"Najua. Nilifikiri nikifika watanielewa."

"Ninakuelewa. Lakini siwezi kukushusha."

Aliniitikia kwa kichwa. Hakubishana, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitoka nje akasimama kwenye reli za meli, akatazama chini. Nami nikatazama alikotazama.

Pale gatini, mbele ya watu wote, alisimama mwanamke mzee mwembamba, kitenge kipya, viatu vya mpira, kapu limefunikwa kitambaa. Nilishuka nikamfuata. Alikuwa ametoka Murangi alfajiri, na jirani yake, aliyepokea simu ya Majura, alikuwa amemshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Majura yuko wapi?"

"Yuko melini. Kibali chake bado hakijafika."

"Kibali cha nini?"

"Cha kuingia nchini, mama."

"Nchi gani?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza kwamba mwanawe sasa ni raia wa kwingine, na sheria inamtambua kama mgeni, na tunasubiri neno kutoka juu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wakati huo mjukuu wake alikuwa ameshuka ngazi. Alimfikia bibi yake akasimama, hajui afanye nini na mikono yake. "Mimi Nyangeta," alisema. Yule bibi akarudi nyuma hatua, akamtazama usoni, maana Nyangeta lilikuwa jina lake yeye mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba liko duniani mara mbili. Akamkumbatia kwa nguvu mpaka kapu likaanguka.

Nilipata wazo nikarudi kwa nahodha. Mgeni wa gatini anaweza kuruhusiwa kupanda melini kwa muda, nahodha akikubali. Akakubali. Nikashuka nikifurahi.

"Mama, umeruhusiwa kupanda. Utakaa naye humo mpaka meli iondoke."

Alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Mimi ndiye mwenyeji. Nitampokeaje nikiwa mgeni kwenye nyumba ya watu?"

"Mama, kibali kinaweza kisije kabisa."

"Kisipokuja nitakuwa nimemwona. Lakini huko sipandi."

Akamwachilia mjukuu, akaenda mpaka mwisho wa gati, pale ambapo maji tu ndiyo yaliyokuwa kati yake na ubavu wa meli. Akainua uso. Akamwita mwanawe kwa Kijita, lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu aliye shambani. Majura akaitika vilevile. Najua Kijita cha kusikia. Alimuuliza kama amekula. Majura akasema amekula. Alimuuliza kama kule aliko kuna ng'ombe. Akasema wapo, wanakaa ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi. Bibi akacheka. Kisha akamwambia wapi alizikwa baba yake, upande gani wa nyumba, na mti gani uliokatwa ili kupata nafasi. Majura alishika reli kwa mikono yote miwili na kuinamisha kichwa.

Nimefanya kazi miaka mingi mipakani na sijawahi kuona mpaka waziwazi kama siku ile. Ulikuwa ukanda wa maji ambao mtoto angeweza kuuogelea. Watalii wazungu juu waliacha kupiga picha.

Nilimpigia Afisa Uhamiaji wa Mkoa, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, sasa bosi wangu.

"Mama, karatasi ya kuacha uraia umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona. Iko sawa."

"Napiga Dodoma sasa hivi. Usigonge chochote mpaka nikwambie."

"Siwezi kugonga. Ila ukiongea nao, waambie mama yake amesimama gatini."

"Hilo si la kisheria, mama."

"Najua. Waambie tu."

Jua lilipanda. Abiria wengine walikwenda sokoni wakarudi na vikapu. Nilimletea yule bibi kiti, akakaa bila kuondoa macho kwenye meli. Mara ya kwanza honi ilipolia, ya kuwaita abiria, Majura aliinua mkono kama anayeaga, na mama yake hakuujibu. Alibaki ameketi, mikono magotini. Simu yangu ililia nikiwa nimesimama kando yake.

"Fungua mfumo, mama," alisema bosi wangu. "Wamejibu."

Nilipanda ngazi ile nikikimbia, mimi mwenye magoti mabovu. Kwenye skrini palisomeka: limekubaliwa. Nilichukua alama za vidole vya Majura, nikampiga picha, macho yake mekundu, nikasoma kwa sauti kama tunavyotakiwa. Aina ya visa: ya kawaida. Madhumuni ya safari: utalii.

"Mtalii," alisema. Akajaribu kucheka. "Mtalii wa Murangi. Mama akisikia atanichapa."

Nikagonga muhuri. Muhuri ulikaa upande kidogo.

Alishuka polepole. Mama yake alisimama lakini hakumwendea, alimsubiri pale pale alipo. Majura alipofika alipiga magoti juu ya saruji, na mwanamke yule akampapasa kichwa, akashuka mpaka sikio la kulia, akalishika penye kovu la zamani la ndoano. Alilibonyeza kama anayehakikisha. Kisha akasema, "Ni yeye." Ndipo vigelegele vilipolipuka, kuanzia kwa wanawake wa samaki, mpaka nikadhani gati linatikisika.

Honi ya pili ikalia. Majura akageuka kunitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Afande, meli inaondoka."

"Inaondoka," nilimwambia. "Visa yako ina miezi mitatu."

Alichukua muda kuelewa. Alimtazama binti yake, naye binti alikuwa tayari ameshika kapu la bibi. Nikarudi kwa nahodha, tukaondoa majina mawili kwenye orodha ya abiria wanaoendelea, mabaharia wakateremsha mabegi. Meli ilipong'oa nanga, mtaa ule mweupe ukaenda zake, hakuna aliyeutazama sana. Watu walikuwa wanatafuta gari la kuwapeleka watatu wale Murangi.

Mwaka uliofuata nilistaafu. Siku hizi ombi, jibu na malipo vyote vinapita kwenye simu, na nasikia wenzetu waliochukua uraia wa nje wanaanza kuandaliwa hadhi yao maalumu. Nafurahi. Mimi bado najiuliza jinsi neno moja kwenye skrini lilivyoweza kumgeuza mtu kutoka picha ya mbali kuwa mwili unaoshikika, na sijapata maelezo. Nilidhani ningeyazoea haya mambo uzeeni. Badala yake yananishangaza zaidi.

Baada ya kustaafu nilikwenda Murangi na mume wangu kumsalimia bibi. Majura alikuwa amerudi Kanada na kuja tena, safari hii kwa ndege, na alikuwa nyuma ya nyumba akichanganya saruji ya chumba kipya. Bibi alinikalisha, akanipa sato wa moto, akawaita majirani.

"Huyu ndiye aliyemleta Majura," aliwaambia.

Nikaona haya. "Si mimi, mama. Ni serikali."

Aliniwekea kipande kingine cha samaki.

"Serikali mimi sijawahi kuiona," alisema. "Wewe nimekuona."