Taghridi, Kaka Yake na Tikiti la Korongoni

Wiki nzima Taghridi alikuwa saluni kwake mjini Zarqa, akipaka wanawake hina na kusikiliza malalamiko yao juu ya waume zao. Ijumaa zilikuwa zake. Alianza kutembea baada ya kufiwa na mumewe, maana daktari alimwonya kuhusu presha, na kutembea huko kukamfikisha kwenye makorongo ya upande wa Karak, kwenye kamba na maporomoko, mpaka akawa yeye ndiye anayeongoza wenzake. Wanawe, Laithi na wadogo zake, hawakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa Ghazi, kaka yake.

Kila Alhamisi Ghazi alipiga simu. Nani wanakwenda? Wanaume ni wa ukoo gani? Kwa nini mama mzima ajining'inize kwenye kamba kama shuka lililoanikwa? Taghridi alimjibu kwa upole miaka nenda miaka rudi, hadi siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Basi njoo ujionee mwenyewe!"

Alisema hivyo ili anyamaze. Kumbe Ghazi akaja. Asubuhi alishuka kwenye basi na viatu vya ofisini, birika la kahawa, na tikiti maji kubwa kwenye mfuko wa nyavu.

"Kaka, hilo tikiti la nini?"

"La kula. Tutalipoza majini."

"Kule utahitaji mikono yote miwili."

"Mama Laithi, mimi nimekaa jeshini. Usinifundishe kutembea."

Jeshini alikaa kweli, kwenye stoo ya mablanketi. Taghridi akamvalisha helmeti na mkanda wa kamba, wakaingia.

Kuta za mawe mekundu zilipanda pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki ufito mwembamba. Maji yaliwafika magotini, kisha kiunoni. Wenzao waliruka jiwe hadi jiwe. Ghazi aliteleza kila penye utelezi na pasipo na utelezi, na kila alipoanguka aliliinua tikiti juu kama mtoto mchanga. Kila kona alikuwa na shauri. Njia ni ile, si hii. Mapumziko ni mafupi. Yule kijana na mchumba wake wanatembea karibu mno. Taghridi alijikuta anahesabu pumzi.

Poromoko la kwanza lilikuwa fupi, wakamsukuma akapita. Walipokwisha kushuka wote, Taghridi aliivuta kamba, na kuanzia hapo hapakuwa na kurudi. Njia ilikuwa ya kushuka tu mpaka barabara ya Bahari ya Chumvi, basi lilikokuwa likiwangoja.

Poromoko la pili lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa tatu. Muflih, msaidizi wa Taghridi, alishuka kwanza akasubiri chini kwenye dimbwi. Ghazi akafuata, kamba imefungwa kwenye mkanda wake. Alifika ukingoni, akachungulia, akakauka.

"Mimi sishuki," alisema.

"Kaka, nyuma hakupandiki."

"Piga simu waje na helikopta."

"Hapa hakuna mtandao! Legea tu, nimekushika. Kamba iko mikononi mwangu."

"Ndiyo maana siendi!"

Nyuma yao watu walipanga foleni kwenye kipande kidogo cha mwamba, jua likiwachoma utosini. Mama mmoja mfamasia akapaza sauti, "Mjomba, wengine tuna watoto nyumbani!" Taghridi alibembeleza. Akaapa. Akamkumbusha marehemu baba. Ghazi alisimama vilevile, amelikumbatia tikiti kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

Hapo Taghridi akachoka kabisa. Akamwambia Muflih akae kando, akafunga kamba isikimbie, akampokonya Ghazi tikiti na kulitupa chini. Likapasuka kwenye jiwe kwa kishindo, maji yakawa mekundu.

"We mwanamke una wazimu?" Ghazi alifoka. "Wallahi nimelibeba tangu asubuhi! Huna adabu, hujawahi kuwa na adabu tangu utoto!" Akarudi nyuma hatua moja, kule kule ukingoni, ili apate nafasi ya kumnyooshea kidole. Taghridi alikwisha kuishika kamba tena. Akaanza kuilegeza, na Ghazi akashuka taratibu huku akimtukana, mpaka alipogundua kwamba miguu haikanyagi kitu. Matusi yakageuka dua. Muflih akampokea.

Taghridi aliposhuka, wa mwisho, alimkuta kaka yake amekaa peke yake, machozi yanachuruzika. Hasira zikamlegea. Akamkalia karibu, akampa chai kutoka kwenye chupa yake.

"Usimwambie mama," Ghazi alinong'ona.

"Simwambii."

Jioni walipita kwa mama yao. Ghazi alikula sahani mbili za maklouba, wali wa nyama na biringanya, akajifuta masharubu.

"Korongo lile si mchezo, mama. Taghridi anajitahidi, lakini lile kundi linahitaji mwanaume wa kulisimamia. Nitakuwa nakwenda naye kila Ijumaa."

"Mungu akuweke, mwanangu," mama alisema. "Sasa nitalala bila wasiwasi."

Taghridi alifungua mdomo. Akakumbuka alichoahidi, akaufunga. Alitoka kibarazani, akampigia Muflih.

"Kuna korongo gumu kuliko la leo?"

"Lipo," Muflih alijibu, tayari anacheka. "Lakini Mama Laithi, Ghazi unamjua. Atakuja tu."