Vidole vya Mama Edita

Krrr, kimya, krrr, kimya, kisha tak. Sauti hiyo niliisikia nikiwa bado uani kwa Mzee Haule, kabla sijaiona mashine wala kumwona yeye mwenyewe, na mpaka leo mtu akiburuta kiti cha plastiki kwenye sakafu ya saruji mwili unanisisimka, maana hapo ndipo ilipoanzia aibu yangu ambayo Magomeni nzima, hii yetu ya Mtwara, wanaijua na kila mmoja anaisimulia kwa kuongeza chumvi yake, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe nikiwa hai na nina akili zangu.

"Shikamoo Mzee," nikasema mlangoni.

"Marahaba mwanangu Sabina, ingia. Unaisikia inavyolia?"

Mzee Haule alikuwa karani wa bandari, mtu wa Songea aliyekuja Mtwara kijana akastaafia hapahapa, na mkewe, Mama Edita, ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kwaya yetu ya parokia (mimi naimba sauti ya pili, tena nyuma kabisa, mtajua kwa nini). Mama Edita alikuwa amefariki, mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na baada ya misa ya kumbukumbu Mzee alikuwa anafunga virago kwenda kuishi Songea kwa binti yake.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya kijivu ya kizamani, zile ambazo kibodi na tumbo lake ni kitu kimoja, na Mama Edita aliachiwa na mwalimu mgeni wa muziki aliyekuwa anarudi kwao miaka ya tisini. Ukiiunganisha na kinanda kwa waya, ukapiga wimbo, yenyewe inakumbuka kila ulichofanya: ni kitufe gani ulikibonyeza, kwa nguvu kiasi gani, na uliinua kidole lini. Kesho yake ukiiamuru, kinanda kinaupiga wimbo ule chenyewe, hakuna mtu kwenye kiti. Kumbukumbu hiyo inakaa kwenye disketi, kile kibamba cha plastiki unachokiingiza pembeni ya mashine, kwa hiyo disketi ya Mama Edita haikubeba sauti yake, ilibeba vidole vyake, na ndani yake ulikuwa wimbo wa mwisho alioutunga, ambao alituimbisha mazoezini na hakuwahi kuupiga kanisani.

"Siku ya kumbukumbu nataka kwaya iimbe, yeye apige," Mzee akaniambia. "Wausikie wote, halafu mimi niende zangu. Ila disketi imechoka. Inakataa, inakataa, ndipo inakubali. Naogopa isije ikakataa mbele za watu. Nasikia wewe unajua kuzihamisha."

Nilikuwa najua, huo ndio ubaya wenyewe. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la dada Zuhura, la kuchapa na kutoa fotokopi, na wateja wakipungua nilikuwa naingia kwenye mtandao kusoma habari za watu wa mbali wanaookoa kompyuta za zamani. Huko nilijifunza kutengeneza taswira ya disketi. Maana yake huchukui faili mojamoja, unaichukua disketi nzima kama nyumba, tangu kibarazani mpaka uani, na vumbi lake na ufa wake, unaiweka ndani ya faili moja kwenye kompyuta, halafu siku ukitaka unaiandika nyumba ileile juu ya disketi nyingine. Nilikuwa nimezifanya disketi za wakala mmoja wa forodha na za mwalimu wa hesabu, nikajiona bingwa.

Sasa sikilizeni nilivyojikwaa, maana ni kwa jambo dogo kuliko ukucha. Disketi ina kitufe pembeni, ukikisogeza tundu likawa wazi, inasomeka tu, hakuna kitu kinachoweza kuandika juu yake. Kila anayeokoa disketi anaanza hapo. Lakini Mama Edita alikuwa amekiziba kitufe hicho kwa selotepu, na juu ya selotepu aliandika jina la wimbo kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wake ule wa kulala kama mihogo iliyopigwa na upepo. Ili nikisogeze ilibidi niibandue, na ningeibandua mwandiko ungechanika. Niliona huruma. Nikasema moyoni, mimi nasoma tu, siandiki, kuna haja gani ya kuchana mkono wa marehemu?

Nikaiingiza hivyohivyo kwenye kompyuta ya dukani. Majina ya nyimbo yakatokea kwenye kioo, nikatabasamu.

Dukani kwetu kulikuwa na kipande cha boksi ukutani, dada Zuhura amekiandika kwa kalamu nene: KILA DISKETI ISAFISHWE KWANZA. Miaka ile virusi vya kompyuta vilikuwa vinatembea Mtwara kama mafua, vikitoka ofisi hii vinaingia ile, kwa hiyo kompyuta yetu ilikuwa na programu iliyokuwa inarukia kila disketi na kuuliza kama iisafishe, na sisi vidole vyetu vilishazoea kubonyeza Ndiyo bila kusoma, kama mtu anavyoitikia salamu njiani. Programu ikaona mwanzo wa disketi ya Mama Edita haufanani na mwanzo wa disketi za kompyuta zetu. Ikadhani ni kirusi. Ikauliza. Nikabonyeza Ndiyo, huku nimegeuka namwambia Zuhura chai yake inapoa.

Hapo nyumba ilikuwa imeshaharibika na mimi sijui. Kila kitu cha ndani kilibaki salama, ila kile kipande cha kwanza kabisa, kinachoiambia mashine vyumba vimepangwaje na wimbo uko mlango gani, kilifutwa kikaandikwa kingine cha aina ya kwetu. Nami nikatengeneza taswira ya disketi iliyokwisha kuharibika, nikaiandika kwenye disketi tupu aliyonipa Mzee, nikaiamuru programu ilinganishe nakala na ile ya asili, ikaniambia zinafanana, hakuna tofauti hata moja. Ilisema kweli kabisa. Zilikuwa zimeharibika sawasawa.

Nikampelekea Mzee zote mbili. Kwake umeme ulikuwa umekatika, hatukuweza kujaribu, naye akasema, "Mimi nakuamini, mwanangu." Na kama hiyo haitoshi, mazoezini Mama Prisca, kiongozi wetu wa kwaya, aliponiuliza kama mashine haitatuaibisha, nilimjibu kwa mdomo huuhuu kwamba disketi niliyoitengeneza mimi haikatai.

"Haya fundi," akasema. "Sisi yetu macho."

Siku ikafika, ilikuwa Jumamosi. Baada ya misa tukaingia ukumbi wa parokia, watu wamejaa mpaka madirishani, wazee wa bandarini wamevaa mashati ya kupigwa pasi, sisi kwaya na sare zetu za kitenge, na mashine imewekwa mbele mezani juu ya kitambaa cha kufuma cha Mama Edita mwenyewe. Nikakalishwa pembeni yake kama daktari. Mzee Haule akasimama, akashika kiti, akasema maneno machache sana.

"Nawashukuru mliokuja. Leo mwenzangu atawapigia mwenyewe."

Nikaiingiza nakala. Safari hii hapakuwa na krrr, ilisoma laini kama siagi, na kwenye kioo pakatokea takataka: alama, nusu herufi, vijiduara. Hapakuwa na wimbo hata mmoja. Nikaitoa, nikaingiza ile ya asili yenye mwandiko. Takataka zilezile. Nikaichomoa, nikaifuta kwa kitenge (kana kwamba ilikuwa na mafua), nikairudisha, na nyuma yangu nikasikia kikohozi kimoja, kisha kingine, vya watu wenye adabu ambao wameanza kuelewa.

"Fundi," Mama Prisca akaninong'oneza bila kufungua meno, "sasa?"

Mtu mwenye akili angesimama akasema kimeharibika. Mimi nikachungulia kwenye boksi la disketi za Mama Edita, nikaona moja haina jina, nikaitia, na kioo kikaonyesha wimbo mmoja tu. Nikajiambia, kumbe mama wa watu aliweka akiba. Nikamwitikia Mama Prisca kwa kichwa. Akainua mikono. Kwaya wakavuta pumzi. Nikabonyeza.

Likalia dansi. Dansi lenyewe, na ngoma zake na tarumbeta za kinanda, lile la kushusha magoti, na kwa sababu nilikuwa nimeongeza sauti ili wa nyuma wasikie, vikombe vilitetemeka mezani. Watoto wawili wa mbele wakaanza kucheza mara moja, hawana kosa. Sauti ya kwanza walikuwa wameshafungua vinywa wakabaki hivyo. Paroko akaangalia viatu vyake. Nikabonyeza cha kusimamisha, nikakosea, likaongezeka mwendo, na huko nyuma mwanamume mmoja akashindwa, akacheka, kisha cheko likatembea safu kwa safu huku watu wanaziba midomo kwa mikono na leso. Nikaishia kuung'oa waya.

Mzee Haule hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa bado amekishika kile kiti, anautazama mgongo wa kiti hicho, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Hapo ndipo wazo likaniingia. Hii ya dansi imesomeka. Zile mbili hazisomeki. Ya dansi haijawahi kufika dukani kwetu. Nikaliona akilini lile boksi la ukutani dukani, nikakiona kidole changu kikibonyeza Ndiyo.

"Mzee," nikasema, "wimbo upo. Haujafutika. Nipe muda kidogo."

"Watu wana njaa, mwanangu," akajibu polepole. "Na wa mbali wana safari."

Wakaanza kupakua pilau. Mimi nikatoka mbio, viatu mkononi, disketi ya dansi na ile nakala zimo kwenye kipochi, nikakata Magomeni na sare yangu ya kwaya nikiwa naulizwa kila kona kama kuna moto. Nilichokuwa nakimbilia ni kuuwahi umeme. Upande wa dukani kwetu ulikuwa unakatwa kwa mgao baada ya adhuhuri, na adhana yake nilikuwa nimeshaisikia.

Dada Zuhura, mtu wa Mikindani asiyetishika kirahisi, alikuwa anafunga kabati.

"Umeua nini?"

"Disketi."

"Ya nani?"

"Ya marehemu."

Akafungua kabati tena, akawasha kompyuta, akavuta kiti. Nikasogeza kitufe cha disketi ya dansi mpaka tundu likawa wazi, nikalitazama tundu kwenye mwanga, nikaliona dirisha la upande wa pili kupitia humo, ndipo nikaiingiza. Programu ikaruka ikauliza kama iisafishe. Nikalisoma swali neno kwa neno, nikabonyeza Hapana. Zuhura akanyanyuka, akaligeuza lile boksi la ukutani likatazama ukuta.

Disketi zote mbili Mama Edita alizitayarisha kwenye mashine ileile, kwa hiyo vyumba vyake vilipangwa kwa namna moja. Nikaifungua taswira niliyokuwa nimeihifadhi, nikakata kile kipande cha kwanza kilichoharibika, nikabandika cha disketi ya dansi mahali pake. Nikaanza kuiandika juu ya nakala. Taa ya disketi ikawaka, ikawa inahesabu taratibu, feni juu yetu ikaanza kuzembea, ikapata nguvu, ikazembea tena.

"Usiiangalie feni," Zuhura akasema. "Angalia kazi yako."

Taa ya disketi ikazimika. Nikaivuta disketi. Feni ikasimama, kompyuta ikafa, na barabara nzima wakasikika wenye mashine za kusaga wakilaumu. Sikuwa na namna ya kujua kama imekubali.

Niliporudi ukumbini (umeme wa kule haukatwi, laini yake ni moja na ya hospitali) watu walikuwa wamekwenda. Viti vimepandana, wali umemwagika chini, Paroko hayupo, wazee wa bandarini hawapo. Nje, bombani, nikasikia akina mama wa kwaya wanaosha masufuria na wanacheka, na nilijua wanachocheka. Mzee Haule alikuwa amekaa peke yake kando ya mashine, koti amelikunja mapajani.

Sikumsemesha. Niliurudisha waya, nikaingiza disketi. Majina yakatokea, safi, wimbo kwa wimbo. Nikabonyeza.

Vitufe vya kinanda kile havishuki vyenyewe, lakini naapa mimi na Mzee wote tulivitazama. Ulianza polepole, mkono wa kushoto ukitangulia kidogo kama alivyokuwa Mama Edita, na kile kidole chake kimoja kigumu kikagonga kwa nguvu kuliko vingine. Masufuria nje yakanyamaza. Ukafika pale katikati ambapo alizoea kusimama, kimya kirefu ambacho mazoezini sote tulikuwa tunakikosea tunaingia mapema naye anatuangalia juu ya miwani. Kinanda kikanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu. Na kilipoanza tena, bombani sauti ya Mama Prisca ikaingia mahali pake hasa, halafu na wengine, mikono yao imejaa sabuni, wakaimba mpaka mwisho bila mmoja wao kuingia ndani.

Mzee alifuta uso kwa kiganja. Wale aliotaka wausikie walikuwa barabarani, wengine hatawaona tena, na hakuna taswira ya kuwarudisha. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa kidole. Nikamwambia basi aniachie ile disketi ya mwandiko, kesho nitairekebisha nayo, na safari hii nitaibandua selotepu taratibu kwa mvuke wa birika, na sitaingiza disketi ya mtu popote kabla sijaliona tundu liko wazi, na sitabonyeza Ndiyo tena kabla ya kusoma, hata nikiulizwa kama nataka chai.

"Nakala nimepokea," akasema. "Hii yenye mkono wake nitakaa nayo mwenyewe."

Akaitia kwenye mfuko wa shati, akaugusa mfuko, akavaa koti. Mlangoni akageuka.

"Ule wa dansi alikuwa anaupiga mimi nikitoka zamu. Ungempigia tu Paroko mpaka mwisho."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa mikono miwili, taratibu, mpaka komeo likaingia.