Suluhu ya Baiskeli

Mzazi wa pwani hanenepi mwenyewe, hunenepeshwa. Siku zangu arobaini nililishwa bokoboko asubuhi, supu ya pweza mchana, uji wa pilipili manga jioni, na mama mkwe akanikanda kwa maji ya moto mpaka nikalainika kama mhogo. Nilipotoka nje na mwanangu, majirani walimtazama mtoto mara moja tu, kisha wakanigeukia mimi. "Mashallah, mwili umekubali," wakasema, na mama mkwe ndiye aliyepokea sifa.

Mwili wenyewe hakuna aliyeuuliza. Mimi niliyekuwa natoka Kaole kila asubuhi kwa baiskeli kwenda sekondari mjini, upepo ukiniingia mikononi mwa shati, sasa nikifagia uwanja nahema. Mume wangu alinikuta nahangaika na zipu ya gauni la harusi, akacheka.

"Bibie, hilo mwachie Mungu."

Sikucheka. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, anapitiwa na lori alfajiri, na baiskeli yake inashinda ukutani.

"Asubuhi nitaichukua baiskeli," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nipunguze mwili."

"Punguza wali."

"Wali humu ndani napakua mimi au mama yako?"

Nikaichukua.

Nikishamnyonyesha mtoto akalala, namwacha kwa bibi yake, navaa suruali chini ya gauni, najifunga ushungi, naelekea Kaole. Ndiyo njia ninayoijua. Nageuzia mlangoni kwa mama yangu, nakunywa maji, narudi. Siku za mwanzo mapaja yaliwaka moto na vijana wa genge la ndizi wakanisindikiza kwa maneno: "Dada, ionee huruma hiyo tairi." Niliwatukana moyoni na kukanyaga zaidi. Halafu miguu ikakumbuka. Kanga niliyokuwa naikutanisha kwa shida ikaanza kunizunguka na kubaki. Nilikuwa narudi nimelowa jasho, maziwa yamejaa, na kwa kitambo kidogo njiani nilikuwa yule msichana wa zamani, sina mtu wa kumjibu. Huyo ndiye niliyekuwa namtaka. Kupungua nilikutaka pia, sidanganyi, lakini yeye nilimtaka zaidi.

Kumbe watu walikuwa wakitazama jambo jingine. Walimwona mke wa mtu akielekea kwao kila asubuhi, na kila wiki amekonda kuliko wiki iliyopita. Kwetu hilo halihitaji maelezo: mke anateswa, anapeleka mashtaka kidogo kidogo. Hata mama yangu, badala ya maji, akaanza kuniletea sahani.

"Mwanangu, sema tu. Wanakunyima?"

"Mama, nafanya mazoezi."

"Haya," akasema, haya ile ya mtu asiyeamini.

Ijumaa moja baada ya sala nikakuta mkeka umetandikwa ukumbini kwa mama mkwe. Baba yangu yupo, mjomba wangu yupo, na baba mdogo wa mume wangu. Mume wangu kainamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Nikawaamkia, wakaitikia, nikaambiwa nikae.

"Mwenzio ana kosa gani?" mjomba akauliza.

"Hana kosa, mjomba."

"Mke mwema humsitiri mumewe. Lakini sisi tuna macho. Umekwisha."

"Nimejipunguza kwa kusudi. Nilinenepa mno."

Baba mdogo akamgeukia baba yangu. "Unasikia? Hata kusema anaogopa."

Nyuma ya pazia mama mkwe akaanza kulia. "Nimemlisha kwa mkono wangu huu, leo naambiwa namnyima." Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikaniongezea hasira. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, ningeweza kuwachorea moyo na mishipa yake pale mkekani, lakini kila nilichosema kiligeuka ushahidi kwamba ninaonewa.

Wakakata shauri. Mume wangu aniombe radhi, aninunulie doti ya kanga. Na baiskeli niiache: nikitaka kwenda kwetu, mume wangu anipeleke, watu waone tumepatana. Fatiha ikasomwa. Akaniomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, nami nikasema nimesamehe. Wazee wakala, wakaondoka wameridhika. Kanga ni nzuri, siwezi kuzisema vibaya. Zimeanza kunibana.

Ijumaa iliyopita alitupeleka Kaole. Nilikaa upande kwenye keria, mtoto mapajani, mkono mmoja kiunoni mwa baba yake. Kabla ya daraja kuna mteremko. Zamani nilipofika hapo nilikuwa nainua miguu yote miwili na kuiachia baiskeli iende itakavyo. Yeye alianza kufunga breki tukiwa bado juu.

"Mbona unafunga?"

"Nimebeba mke na mtoto."

"Achia kidogo."

"Tutaanguka, mama."

"Kidogo tu."

Hakuachia. Tuliteremka polepole, bibi mmoja mwenye kuni kichwani akatupita akatusalimia vizuri sana, akafurahi kutuona pamoja. Miguu yangu ilining'inia upande mmoja, nayo ilikuwa inakanyaga hewa.