Filimbi Niliyompigia Baba Mkwe

Tena yule dada aliyeandika hapa gazetini kwamba ndoa ni kitanzi, mimi namkatalia. Nina miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nina miezi miwili tu kwa mume wangu hapa Kilwa, na kila akirudi kutoka shule anakofundisha moyo hunidunda kama siku ya kwanza. Alfajiri hunichotea maji kabla majirani hawajaamka, wasije wakamcheka. Jina langu lifiche, Ndugu Mhariri, lakini furaha hiyo usiifiche.

Sasa nimeitia doa mwenyewe.

Mimi ni mmoja wa vijana tuliochaguliwa kusomea uongozi wa vikundi vya utamaduni katika vijiji vya ujamaa. Tunafundishwa kupanga ratiba, kutunza vyombo, kupokea wageni. Mtihani wa kwanza ulikuwa kuandaa onyesho, kila ngoma dakika kumi. Mume wangu akasema, "Mpenzi, mchukue baba. Kijijini kwetu Njinjo hakuna anayemfikia kwa kupiga ngoma." Mzee akaja amefurahi kweli.

Kwa desturi ya ukoo wao, mpigaji huanza polepole akiwataja marehemu wake mmoja mmoja, na ngoma huzimwa na aliyeianza. Hayo niliyajua. Lakini mkufunzi alikuwa amenikodolea macho, saa mkononi. Dakika ya kumi ikafika, mzee bado anataja. Nikapuliza filimbi.

Ngoma ikakatika. Mama mmoja akaropoka, "Mwacheni bibi harusi, ana haraka ya kurudi kwa mumewe!" Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, nilibakiza jina moja. La mama yake mumeo. Umemfungia mlango."

Akabeba ngoma yake, akarudi Njinjo bila kuonja chakula nilichompikia.

Mama mkwe alifariki mwaka jana, sikujaliwa kumwona. Mume wangu hakunigombeza. Alinishika mkono tu. Maji bado hunichotea, mpenzi wangu huyu, lakini nikimtaja baba yake hutoka nje.

Na mwezi ujao kuna onyesho kubwa Lindi, na mimi ndiye wa kuandika majina ya wapigaji. Mkufunzi ameniambia, "Kwenye ratiba hakuna mkwe. Andika kijana badala ya yule mzee, ama nafasi yako nampa mwingine." Nikiandika, nitamtazamaje mume wangu? Nisipoandika, ndiyo nimeiaga kazi ninayoipenda, na aliyenitia moyo niisomee ni mume wangu huyo huyo.

Enyi mliokaa na wakwe miaka mingi, karatasi iko mbele yangu: niandike jina la nani? Nijibuni upesi, silali.

Ila kuna moja ambalo sitalingojea jibu. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika Njinjo kumwamkia, hata kama marahaba yake ataitoa akiwa amenipa mgongo.