Gurudumu Langu Kwenye Mkeka wa Mavuno

Kuna watu kule Myamba milimani mpaka leo hawalijui jina langu la ubatizo, wananiita Mavuno tu, na nikipanda kule kwa harusi au kwa msiba lazima atokee mama mmoja anikague kichwani kuona kama bado nina mayai kwenye nywele. Ni aibu yangu, sina pa kuipeleka. Zamani nilikuwa nanuna, siku hizi nikiitwa hivyo nacheka. Basi ngoja niwasimulie mwenyewe, maana najua mmeshaisikia kwa Zefania, na Zefania ni binamu yangu nampenda, lakini chumvi anayoitia hadithi hii ingetosha sufuria la makande la harusi.

Mimi ni fundi simu wa kike, kibanda changu kipo hapo Same mjini karibu na stendi, na mwaka ule nilikuwa nimejipatia gurudumu la umeme. Kwa ambao hamjaliona: ni gurudumu moja nene lililovishwa ganda la plastiki, huku na huku lina vibao vya kukanyagia, usukani halina, kiti halina, unasimama tu juu yake, ukiinama mbele linakwenda, ukiegemea nyuma linapunguza mwendo. Breki yake ndiyo hiyo, usitafute nyingine. Nililipata kwa dalali wa mitumba Dar, na pale mjini kwenye lami nilikuwa mtu maarufu (wafugaji waliokuja kuuza ng'ombe walikuwa wanasimama na fimbo zao wananitazama nikipita, kwa ile huruma ya mtu anayemwangalia mgonjwa).

Sasa bibi yangu, mzaa mama, Bibi Nakundwa, alikuwa anaishi Myamba na shamba lake la tangawizi. Kanisani kwao sikukuu ya mavuno ina utaratibu wake: unaleta cha shambani kwako, unakiweka kwenye mkeka mbele ya mlango, mchungaji anaviombea, na ibada ikiisha vinapigwa mnada hapo hapo nje, kila kitu kwa jina la aliyekileta. Bibi aliishi kwa ajili ya ile sauti ya mzee wa kanisa, Mzee Eliamani, akiita "Kikapu cha Nakundwa." Yeye na shoga yake Bibi Nanzia walishindana vikapu tangu wakiwa wasichana, na sijawahi kusikia mwaka ambao mmoja wao alikosa kuitwa.

Mwaka ule akanipigia simu. "Nambike, magoti yamekataa," akasema. "Njoo unibebee kikapu. Nisipoitwa mwaka huu watasema Nakundwa kwisha." Alikuwa anaitania hofu yake, lakini namjua bibi yangu, ilikuwa hofu kweli. Nikamwambia bibi usiwe na wasiwasi, kitafika.

Ningeweza kupanda gari hadi kwake, nikabeba kikapu kichwani, nikatembea. Kutoka kwake hadi kanisani ni mwendo wa nyimbo chache tu. Lakini mimi nikaona nikienda Myamba bila gurudumu langu nani atajua kwamba ninalo? Ndugu zangu, uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo hivyo.

Zefania ni dereva wa bodaboda, kwa hiyo akajiona mtaalamu wa kila kitu chenye tairi, akaja kibandani kunisaidia kuliandaa. Lililokuwa limefungwa lilikuwa tairi la lami, laini, linateleza barabarani bila kelele. Zefania akalipapasa akatikisa kichwa. "Udongo wa kule juu ukiloa, hili litakulaza chini ya mgomba wa watu." Nilikuwa na jingine la kashata, lenye meno makubwa, nililopewa na dalali kama nyongeza, nikabishana naye kidogo kwamba la kashata ni zito na linavuma kama mashine ya kusaga, halafu nikakubali. Kulibadilisha ilikuwa kazi ya kutwa, maana lazima ufungue ganda lote, utoe mota, usugue sabuni ukingoni mwa tairi, mmoja avute na mwingine akalie. Tukabishana tena juu ya upepo. Yeye akataka tujaze liwe gumu, mimi nikataka liwe na ulaini kidogo limeze mawe, nikashinda, na kwa kweli tairi lile sina la kulilaumu, lilifanya kazi yake.

Kilichoniponza ni pedi. Pedi ni vile vimito vya sponji ngumu vinavyobandikwa ubavuni mwa gurudumu vikushike miguu. Za mbele zinakaa kwenye ugoko, ukizisukuma unapata nguvu ya kupanda. Za nyuma zinakaa kwenye shavu la mguu, na kazi yake ni kwamba unapotaka kupunguza mwendo unazikandamiza, gurudumu linakutii bila wewe kulazimika kulala nyuma. Zefania akauliza hizi za nyuma za nini. Nikamwambia za kushukia.

"Kushuka?" akasema. "Kushuka nani anahitaji kusaidiwa? Kila kitu kinashuka chenyewe."

Na mimi nikaona ana hoja. Sisi Wapare ndivyo tulivyo, muulize mtu wa milimani njia, atakutajia vilima vyote mpaka ukate tamaa, mteremko hautaji kabisa, kwake mteremko ni mapumziko. Kwa hiyo nikazibandua zile za nyuma (zilikuwa pia zinanichubua suruali), nikazitia kwenye droo, nikazisogeza za mbele na kuzibana mpaka miguu ikakaa imara kabisa. Nikajaribu kwenye kile kilima cha nyuma ya mji, nikapanda nikiwa nimevaa jinzi, nikafika juu napiga mluzi. Kushuka nikalibeba. Hilo tu lingetosha kunifundisha.

Jumamosi nikapanda gari la Myamba nimelipakata. Mnajua ile hali ya kutoka kwenye joto la tambarare, unapanda, unapanda, halafu ghafla unatafuta sweta na puani inaingia harufu ya moshi wa kuni na udongo uliolowa, mimi hapo moyo hunilegea mpaka leo. Bibi alikuwa mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hicho ulichobeba ni mtungi wa gesi?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akaligusa tairi kwa fimbo yake, akasema, "Mavuno hayapandi gari. Yanakwenda kichwani. Yakipanda gari, Mungu atajuaje nani yamemchosha?" Nikamwambia bibi, kikapu kitakuwa kichwani, juu ya kata, kama unavyotaka, miguu tu ndiyo itakuwa juu ya gurudumu. Akaniangalia sana. Nadhani alichoka kubishana, au alitamani kuona.

Asubuhi akanivisha. Jinzi kanisani, kwa bibi yangu, ilikuwa haisemeki, kwa hiyo gauni, na kitenge kipya juu yake, kile kigumu ambacho hakijafuliwa hata mara moja. Akapanga kikapu mwenyewe: tangawizi chini, imeoshwa mpaka inang'aa, mayai katikati kwenye majani makavu, na boga dogo juu. Akaniwekea kata kichwani, akanitwisha. Nikakanyaga vibao, nikasukuma miguu ndani ya pedi, na kitenge kikaingia humo humo kikabanwa pamoja na ugoko. Nikahisi kinavuta. Nikasema potelea mbali.

Naomba mniamini, mwanzo ulikuwa mzuri. Njia ya juu ya mgongo wa kilima haina taabu, migomba huku na huku, kashata zinaula ule udongo mwekundu bila kuteleza, mimi nimenyooka, kikapu hakitikisiki, nawaamkia wazee nikipita, "shikamoo, shikamoo," na wao wanaitikia marahaba wakiwa wameshika viuno. Nikamwona bibi nyuma kwa mbali amesimama kwenye kona ya nyumba anajikinga jua kwa kiganja. Nilijisikia fahari, siwezi kuwaficha.

Halafu njia ikakunja, na kanisa likawa bondeni.

Nilikuwa nimebatizwa kwenye kanisa hilo. Nilijua kabisa liko chini. Ila akilini mwangu safari ya Myamba ilikuwa kupanda, na nilishapanda, basi.

Kupunguza mwendo ilinibidi niegemee nyuma. Na mtu mwenye kikapu cha mayai kichwani haegemei nyuma, shingo yake na mgongo wake ni kitu kimoja. Nikatafuta pedi za nyuma kwa mashavu ya miguu, hakuna kitu, zipo Same kwenye droo. Nikataka kuruka, kitenge kimenasa. Gurudumu likaanza kulia ile sauti yake ya kuonya, pi pi pi, na chini pale waumini walikuwa ndiyo kwanza wamejipanga mstari na vikapu vyao vichwani, kwaya mbele, wanacheza taratibu kuelekea mlangoni.

Nikapiga kelele "nipisheni." Wakanipisha, mstari ukafunguka katikati, na ubaya ni kwamba nilivyokuwa nimenyooka, kikapu kimetulia, mikono nimeipanua, walidhani ni onyesho. Wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nikapita katikati yao hivyo hivyo, nimekakamaa, nikamwona mchungaji amevaa kanzu yake amefungua mikono kunipokea, nikamkwepa, nikaingia kwenye mikungu ya ndizi.

Kitenge kilichanika, ndiyo ikawa salama yangu. Mimi nikabaki kwenye ndizi, kikapu kikanifunika kichwa, mayai yakanishuka mpaka shingoni, boga likaviringika likasimama miguuni mwa mchungaji, na jogoo wa watu akakata kamba akakimbilia madhabahuni. Gurudumu lenyewe likaendelea peke yake, likayumba, likazunguka, likajilaza taratibu katikati ya mkeka wa mavuno. Kisha kwaya nzima ikacheka, besi ndio walikuwa wabaya zaidi.

Wakaniokotea tangawizi. Nikainama kuchukua gurudumu langu, Mzee Eliamani akaweka mguu mbele yangu. "Mwanangu, kilichofika kwenye mkeka hakiondolewi," akasema, bila tabasamu. Nikadhani utani. Hakuwa anatania, ni desturi, hata jembe ukilisahau pale utalinunua mnadani. Nikakaa ibada nzima benchi la nyuma, mayai yananikaukia kichwani, na nawaambia ukweli, kilichoniuma si gurudumu. Nilikuwa namfikiria bibi. Kikapu chake kimebaki tangawizi yenye matope, na mimi ndiye niliyemwambia kitafika.

Mnada ukaanza, vikapu vya watu vikaisha, cha bibi bado. Cha Bibi Nanzia kikaitwa, kikanunuliwa kwa shangwe. Mwishoni kabisa Mzee Eliamani akaweka kikapu chetu kilichopinda juu ya lile gurudumu, akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde: "Kikapu cha Nakundwa, na gurudumu lake."

Watu wakacheka, halafu wakaanza kushindana. Zefania alikuwa amekuja na bodaboda yake, akapandisha bei ili anirudishie, maskini, lakini Bibi Nanzia akasimama na fimbo yake akamshinda, akawashinda na wengine, akanunua vyote. Akasema, "Hivi ninamtunza mwenzangu Nakundwa. Apelekewe nyumbani, viwe vyake." Ukinunuliwa kitu mnadani ukatunzwa, ni chako, hata mchungaji hawezi kutengua. Kwa hiyo nikapanda kile kilima nimebeba gurudumu langu ambalo halikuwa langu tena.

Bibi alikuwa kibarazani. Habari ilishafika (Myamba habari haisubiri mtu). Hakuniuliza kuhusu mayai. Akauliza, "Niliitwa?"

"Uliitwa bibi. Wa mwisho."

"Nani alininunua?"

Nikamwambia. Akafumba macho, machozi yakamtoka huku anacheka, akasema kwa Chasu, lugha yetu Wapare, neno moja juu ya Nanzia ambalo mimi sitalirudia mbele yenu. Kisha akaonyesha chini ya dirisha. "Liweke hapo. Na wewe mwakani uje na miguu yako."

Hakunirudishia kamwe. Alilitandikia kitambaa akaweka redio juu yake, na kila mgeni alimwambia ni gari lake, alitunzwa kanisani. Na mimi kila mavuno nilipanda kwenda kumbebea kikapu, kwa miguu, kichwani, na nilipenda siku hizo kuliko nilivyojua wakati ule. Nimeapa, mzigo wa mtu mwingine sitaubeba tena juu ya kitu chenye tairi.

Bibi alitutoka majira ya baridi. Baada ya matanga mama mdogo akaniambia nichukue gurudumu langu, nikashindwa. Niliporudi Same nilifungua droo, zile pedi za nyuma zilikuwepo bado, zimeshika vumbi. Sikukuu iliyofuata nikapanda nazo mfukoni, nikazibandika kwenye gurudumu pale chini ya dirisha, nikazipima urefu vizuri, ingawa hakuna wa kulipanda. Halafu nikachimba tangawizi shambani kwa bibi, nikajaza kikapu, nikajitwisha.

Mzee Eliamani akakishika akaniuliza akiandike kwa jina la nani. Nikasema Nakundwa. Akanitazama, akaita vile vile, kwa sauti ile ile ya kufika ng'ambo. Bibi Nanzia akainua fimbo na hakuna aliyeshindana naye. Akamwaga tangawizi kwenye kanga yake, akanirudishia kikapu kitupu, akanishika mkono kuniaga, maana jioni ile nilikuwa narudi Same.

"Shuka polepole," akaniambia.