Jirani wa Mashariki

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Lango la ofisi ya ardhi bado limefungwa, lakini kwenye baraza ya nje mama mmoja ameshafunua mashine yake ya kuchapa. Anapuliza vumbi kwenye herufi. Anafungua kidau cha wino wa dole gumba, anakichungulia, anakifunga. Anasubiri.

Wateja humwita Mama Wino. Kazi yake ni kuandaa hati za kuhamisha umiliki: nyumba inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, kwa marehemu kwenda kwa mjane. Mwaka huu ametimiza miaka kumi na tisa hapo barazani. Siku nzuri huchapa hati tano, siku mbaya hapati hata moja.

Mteja wa kwanza leo ni mzee mwenye fimbo, kaja na bintiye. Anampa nyumba angali hai, "nisije nikafa wakagombana kama kuku."

"Kaskazini unapakana na nani, baba?" Mama Wino anauliza.

"Fundi cherehani."

"Yupo?"

"Yupo sana. Jana kaniazima jembe, hajalirudisha."

"Kusini?"

"Kusini yuko mwalimu."

"Yupo?"

Binti anaziba mdomo kwa mtandio. "Baba, mwalimu tulimzika mwaka juzi. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza."

"Basi si aandikwe mwanawe! Mbona mnanifanya mtoto?"

Binti anacheka, mzee naye anacheka. Mama Wino hacheki. Anaandika.

Ukurasa huo wa mipaka ndio unaoangusha wengi. Nyumba ina pande nne, na kila upande jirani atie sahihi au dole gumba kwamba anautambua mpaka. Upande mmoja ukiwa wazi, karani wa masjala haiingizi hati kwenye daftari kuu.

"Watu wanadhani ukiwa na karatasi basi nyumba ni yako," anasema. "Lazima wawepo watu wanne wa kusema huyu tunamjua, anakaa hapa."

Chini ya mashine, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna hati nyingine. Hiyo ni yake mwenyewe.

Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, na nyumba yao ya vyumba viwili imebaki kwa jina la marehemu. Mwezi wa kwanza mwaka huu shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitia sahihi kwamba hana dai. Ridhaa hiyo inadumu siku tisini. Zimebaki tisa.

"Alisaini huku anatabasamu," anasema. "Wiki iliyopita kaniuliza, hivi shemeji, vyumba viwili si vikubwa kwa mtu mmoja? Nikamwambia vinanitosha. Lakini neno nimelisikia."

Hati yake aliijaza kwa dakika kumi tu. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Majirani watatu walisaini siku hiyo hiyo. Wa mashariki hakumwendea, akachapa jina lake kwanza, akasema sahihi itafuata. Akaipeleka masjala ikaguliwe.

Karani akaitoa nje, akamrudishia mbele ya wateja wake.

"Mama Wino, huyu jirani yako wa mashariki aliuza nyumba miaka minne iliyopita. Wewe hukujua?"

Hakujua.

Anaposimulia hapa anaishika mashine kama vile itaanguka. Yule jirani alikuwa shoga yake. Walipitishiana chumvi kwenye pengo la ua, hawakuhitaji kuzunguka barabarani. Mume alipofariki, Mama Wino akajifungia.

"Alikuja akagonga, sikufungua. Akaja tena. Mara ya tatu nikamsikia anasema, haya mwenzangu, ukiwa tayari utaniita. Sikumwita. Siku moja nikaona mafundi wanajenga ukuta pale penye pengo. Nikasema moyoni, kachoka na mimi."

Lakini kila jioni alisikia mtu anakohoa ng'ambo ya ukuta. Akapaza sauti: "Pole, jirani!" Akajibiwa: "Asante!" Siku akikohoa yeye, pole ikatoka upande wa pili.

"Sauti ilikuwa nzito. Nikasema maskini, kifua kimemharibu mwenzangu." Anacheka kidogo, halafu anafuta macho kwa kanga. "Miaka minne nampa pole mtu nisiyemjua."

Ana binti mmoja, kaolewa mbali, hupiga simu Jumapili. Siku nyingine hana wa kusema naye. "Hapa nabwabwaja mchana kutwa. Nikifika nyumbani mdomo unalala."

Leo anafunga mashine saa tisa, mapema kuliko kawaida. Lango la jirani liko mtaa wa nyuma, inabidi kuzunguka kona mbili. Ni mwendo wa dakika nne, na hajapita huko tangu msiba. Mkono mmoja umeshika mfuko wa hati, mwingine kidau cha wino.

"Akisaini, Ijumaa naingiza masjala," anasema akitembea. "Nikipata hati yangu, nitamwomba tutoboe mlango mdogo pale palipokuwa na pengo. Akikubali. Asipokubali basi, walau nitalijua jina lake."

Lango ni la bati la kijani. Anasimama mbele yake muda mrefu, anapanga kanga, anaipanga tena.

"Sijui nianze na shikamoo au na samahani."

Anagonga. Kandambili zinaburuta sakafuni, na mtu anakohoa, kikohozi kizito. Mama Wino anashtuka kama aliyeitwa.

"Nani?"

Kila siku yeye ndiye anayeuliza watu majina. Sasa anaulizwa yeye.

"Mimi," anasema. "Jirani yako wa magharibi."

Kandambili zinasogea hadi nyuma ya lango.

"Yule wa pole?"

"Ndiye."

"Mama wee, mimi nilidhani hutaki kuonekana!" sauti inasema, na komeo linaanza kuvutwa.