Nimefelishwa kwa Kusema Shikamoo

Leo nimefeli mtihani kwa kumtuliza mgonjwa.

Uuguzi nilisomea India. Kupata leseni ya hapa nyumbani, lazima nifaulu mtihani wa vitendo wa afya ya akili, kwa hiyo nikatoka kwetu Nzuguni nimepiga pasi mpaka soksi.

Mtahini, mzee wa makamo ya baba yangu, akaigiza mgonjwa mwenye fujo. Akapiga meza, akasukuma kiti, akanifokea: "Toka hapa!"

Mimi, mazoea tu: "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

Akaketi. Katulia tuli!

Kisha akakumbuka kazi yake. "Umekosea. Nadharia ina hatua za kumtuliza mgonjwa."

"Lakini umeshatulia, baba."

"Nimetulia kabla ya hatua ya kwanza. Utarudia. Na usinisalimie."

Jamani, mama nitamwambiaje kwamba nimefelishwa na adabu aliyonifunza?